Mabati ya Kurui Kwanza

Fedha zikipungua, wengi wetu hukosea hapa: hugawa kidogo kidogo ili kila mtu aondoke na chochote. Inaonekana ni haki. Mwisho wake hakuna kinachokamilika.

Leo Jumamosi, Kibaha. Kuna wingu zito, na nimeamka bila kuumwa kichwa.

Jana nilikuwa Kisarawe. Kamati ya fedha ya halmashauri iliniomba mimi, mchumi mstaafu, nikae nao wakipanga bajeti ya mwaka ujao. Hali ni ngumu. Korosho hazikutoka vizuri, ushuru umeshuka, na mahitaji hayakupungua hata moja.

Kabla ya yote niliwaambia kwamba mdogo wangu Mwanahawa anaishi Kurui, wasije wakadhani nimeficha. Kule wanakijiji wamejenga wodi ya wazazi kwa nguvu zao. Akina mama walibeba maji ya kufyatulia matofali. Kuta zimefika juu, paa hakuna, na mvua zinazidi kuzilegeza. Kwa sasa mama anajifungua nyuma ya pazia kwenye zahanati, upande wa pili wamekaa wagonjwa wa kikohozi.

Rasimu ilikuwa imempa kila diwani fungu dogo. Kurui ingepata mabati ya kufunika nusu ya jengo.

Nusu paa si paa.

Nikawaeleza taratibu, kama nilivyozoea: tumalizeni kwanza kilichobakiza kidogo, kisha tuhamie kinachofuata. Diwani Shomari, ambaye kata yake inajenga darasa, alisimama.

"Mzee, nirudi mikono mitupu? Watanichuna ngozi!"

"Shomari, wewe una msingi tu," diwani mwenzake Bi Tatu akadakia. "Bati utaliweka juu ya nini, juu ya nyasi?"

Ukumbi ulicheka. Shomari hakucheka. Alikaa, akafuta jasho. Alikuwa na haki ya kuumia. Watoto wa kata yake nao wanasoma kwa zamu.

Tukarudi kwenye matumizi. Gari jipya likaondolewa, safari za mafunzo zikaondolewa. Bi Tatu akasema chai ya vikao ibaki, vitafunwa kila mtu aje navyo kutoka kwake. Kidogo kidogo pande mbili, mapato na matumizi, zikalingana bila kuongeza mapato ya kubuni.

Ndipo Shomari akanyoosha mkono. "Haya, anzeni na Kurui. Ila mwakani nikija na kuta zangu, msijifanye hamnijui."

Iliandikwa hivyo hivyo: mwakani, darasa la Shomari. Bado baraza la madiwani halijaipitisha bajeti, lakini Shomari mwenyewe ameahidi kuisemea huko.

Jioni nilimpigia Mwanahawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mabati yenu kamati imeyapitisha."

"Ya kweli, au ya kwenye makaratasi kama ya mwaka juzi?"

"Safari hii fedha yake tumeitafuta kabla ya kuahidi."

Alipiga kigelegele hadi nikaiweka simu mbali na sikio. Kisha akasema atawaita wenzake wafunike vichwa vya kuta kwa maturubai, mvua isiwatangulie.

Nimelala kama mtoto.

Kama kijijini kwenu kuna kuta zilizosimama bila paa, leo nenda ofisi ya kijiji ukaulize kimebaki nini ziezekwe.