Kovu la Bibi Yako

Mwangaluka, Kabula. Sura ya bibi yako niliipoteza mimi mwenyewe, mwaka ule filamu za rangi zilipojaa madukani hapa Bariadi. Huku tu wazima, ila mvua imetukataa na pamba imedumaa. Mama yako anakusalimu.

Unauliza kama ni vibaya kurekebisha uso wa mtu kwenye kompyuta. Biashara huria ilipofunguliwa nchini, wateja walinikimbia, wakawa wanapeleka filamu Mwanza kwenye mashine. Mimi niliyejijengea studio kwa mikono yangu nikabaki na picha nyeusi na nyeupe. Nikasema nitawashinda kwa urembo: nikawa nafuta kasoro kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa, kwa wembe na penseli. Picha ya kutundika dirishani ikawa ya bibi yako. Lile kovu la pembe ya ng'ombe shavuni nikaliondoa.

Akaitazama. "Baba Masanja, huyu umemwoa lini?"

"Si wewe huyo? Umependeza."

"Amependeza yeye. Mimi umeniweka wapi?"

Nikacheka. Maisha yake yote nilimpiga picha nne, na tatu nilizifanya hivyo hivyo. Huu ni mwaka wa sita yuko kaburini, na sikumbuki kovu lilikuwa shavu gani. Nikiwauliza wanawe, kila mmoja anataja upande wake.

Ya nne, ambayo sikuigusa, uliichukua Krismasi ukafanyie mazoezi ya chuo. Juzi umenitumia kwenye simu uso wake laini kabisa, kovu hakuna. Karatasi yenyewe ipo, au ulishaitupa? Nipigie kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Sitaki maelezo. Sema ipo au haipo.

Babu yako