Namba Alizosoma Chacha

Turwa, Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya chai ya asubuhi na sasa ni jioni, bado inanyesha. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi. Moyoni sina cha kueleza. Pamekaa tu, kama darasa wakati wa likizo.

Leo nilikwenda Nyamwaga, ambako ukoo wa marehemu Chacha ulikuwa unagawa vitu vyake. Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Chacha na mimi tulitahiriwa msimu mmoja, tukawa walimu, yeye wa Kiingereza, mimi wa fizikia, na tulipostaafu tukaanza kuunda kompyuta.

Si kununua. Kuunda. Zamani, kabla kompyuta hazijaanza kuuzwa dukani zikiwa tayari, viliandikwa vitabu vya kumfundisha mtu wa kawaida kutengeneza yake nyumbani, kuanzia waya wa kwanza. Chacha alikipata kimoja Sirari kwa muuza mitumba, kimeshindiliwa kwenye boksi la viatu ili visigongane. Jalada lina picha ya mzungu mwenye tai anayetabasamu mbele ya sanduku lenye taa ndogondogo. Chacha alisema kama mtu anaweza kuifanya kazi hii amevaa tai, basi haiwezi kuwa ngumu.

Ilikuwa ngumu. Vipuri vingine tuliviagiza, vingine alivileta binamu yake kutoka upande wa Kenya. Sanduku letu lilikuwa kabati la vyombo la mke wangu, Bhoke, na hilo bado hajalisamehe.

Naomba nieleze kidogo, maana bila hili siku yangu haitaeleweka. Mashine ya namna hii haina kibodi mwanzoni. Ina safu ya swichi. Kitabu kina kurasa nzima za namba, na kila namba unaipanga kwa swichi, unabonyeza kitufe, mashine inaishika, unakwenda kwenye inayofuata. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja macho yake yawe kitabuni, mwingine vidole vyake viwe kwenye swichi. Chacha alisoma. Mimi nilipanga, kisha nikasema "tayari". Hakusoma namba nyingine kabla ya kulisikia neno hilo. Nikichelewa, aliniuliza, "Mwalimu, umelala?"

Na kumbukumbu ya mashine ni kama ubao unaojifuta taa ikizimwa. Sura ya kuhifadhi namba zisifutike iko mwishoni mwa kitabu. Hatukuifikia.

Tulisimama katikati. Chacha alichukua kitabu kwenda nacho kwake akague kurasa zilizobaki, kwa sababu vitabu vile vina makosa ya uchapaji, na yeye hakuweza kulipita kosa bila kulisahihisha. Akaugua. Hakurudi.

Tangu hapo sikuizima mashine. Ilikaa sebuleni ikiwaka, na betri ya sola pembeni kwa ajili ya umeme unapokatika. Ndani yake zilikuwa namba zote alizonisomea. Nilitaka kuziongeza zilizobaki juu ya zile zake, kisha niandike herufi moja na kuiona kwenye televisheni ya zamani. Baada ya hapo ningeizima. Ni hilo tu nililotaka.

Kwa hiyo Nyamwaga nilifuata kitabu. Kaka yake Chacha, mzee Marwa, alinishika mkono akanipeleka zizini. Mtu wa rika la marehemu haondoki mikono mitupu, akasema, na akanionyesha mtamba mweusi mwenye doa jeupe usoni. Nilimshukuru, nikaomba kitabu.

"Kitabu kipi?"

"Kile cha mashine."

Akawageukia wenzake. "Jamani, mwalimu anaacha ng'ombe anachukua makaratasi. Kesho tutamsikia anayakamua!"

Walicheka. Hata Robi, mjane, alicheka, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza tangu msiba. Nilijua kwamba pale inafaa nicheke. Nikafungua mdomo kama anayecheka. Robi akaingia ndani, akakitoa kitabu chini ya mto wa kitanda, amekifunga kwenye kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilirudi kwa bodaboda, kitabu nimekiweka ndani ya koti, kifuani. Radi zilikuwa zinapiga upande wa milimani.

Nilipoingia sebuleni taa ndogo za mashine zilikuwa zimezimika.

Bhoke alitoka jikoni akijifuta mikono. "Pole na mvua, baba Nyangi. Radi imenguruma hapa mpaka sufuria zikalia. Nimechomoa kila kitu, televisheni, redio, na ile mashine yenu. Na betri pia. Nimewaokolea."

Hapa kwetu ndivyo inavyofanyika. Radi ikinguruma, unachomoa. Kila mwaka tunasikia ya nyumba fulani iliyopigwa. Ningekuwepo, redio ningeichomoa mwenyewe.

Nikasema, "Asante."

Nikakaa. Nilingoja nikasirike. Nilingoja nilie, maana msibani pia sikulia na watu waliona. Sikupata kitu. Nilikuwa natazama swichi tu.

"Kwani nimefanya nini?" Bhoke akauliza.

Nikamweleza. Namba, ubao, taa. Nilimweleza polepole, kama kidato cha pili, na sauti yangu haikutikisika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua miwani yake, akafungua koti langu, akakitoa kitabu.

"Tunaanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Basi chomeka. Lakini tusikawie, nimeacha mboga motoni."

Radi ilikuwa imekwenda mbali. Nikachomeka. Akasoma namba ya kwanza kwa sauti ya kanisani, sauti ya masomo ya Jumapili. Nikaipanga. Nikabonyeza. Taa ikawaka mahali pake, sawasawa na ilivyowaka zamani. Mashine haijui nani anasoma.

Bhoke alingoja. Hajui kama kuna neno la kungoja, lakini alingoja, kidole kwenye mstari, ananitazama juu ya miwani.

"Mzee," akasema, "umelala?"

Ilinichukua muda mrefu kusema "tayari". Mboga ziliungua.