Kinyozi Aliyetunga Kabla ya Mteja wa Kwanza

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi, ukaacha mashine za kunyolea zikiwa safi ndani ya droo na gitaa likining'inia msumarini. Wengi walikujua kwa nyimbo zako. Watu wa mtaani walikujua kwa vichwa vyao wenyewe. Sisi wa nyumbani tulikujua kwa mlango.

Kila asubuhi ulipandisha ule mlango wa chuma wa saluni hadi usawa wa kiuno, ukainama, ukaingia. Maana yake ilikuwa Kinyozi yumo, ila bado hanyoi, na mtaa mzima uliijua sheria hiyo. Waliowahi walikaa kwenye benchi la nje, wakaona viatu vyako vikigonga mdundo sakafuni, wakasikia ukihangaika na mstari mmoja, ukiurudia, ukiukata, ukiurudia tena. Ulikaa kwenye kiti cha wateja, ukajitazama kiooni, ukatunga. Mteja anayechelewa kazini alipogonga bati la mlango, uliacha hapo hapo, hata katikati ya neno. Ulipandisha mlango wote, ukapangusa kiti, ukaanza kunyoa.

Ulikuwa mpole. Wazee waliokuwa hawawezi tena kutembea uliwafuata kwao, ukawanyoa kitandani huku ukiwanong'oneza umbea wa mtaa wasije wakajiona wamepitwa. Mtoto aliyeogopa mashine ulimpa aishike kwanza, aisikie inavyonguruma mkononi. Hukumcheka mtu kwa umbo la kichwa chake, ingawa vichwa vingine vilikuwa vinaomba.

Kwenye nyimbo tu ndiko hukuwa na huruma, hasa kwako mwenyewe. Rafiki yako Mwashi, ambaye benchi lile lilikuwa kama la kwake, alikuambia waziwazi, "Kinyozi, wa leo umeharibu."

"Nimeharibu," ulimjibu, "ila nimeharibia kazini. Wewe ukuta ukikupinda si unabomoa ukajenga tena? Au unakaa juu ya mchanga unangoja ukuta ujisikie?"

Nyimbo nyingi ulizitupa. Hizi ambazo watu wanazicheza harusini hadi leo ndizo zilizosalia baada ya kutupa. Siku moja alikuja mtangazaji wa redio, akakuuliza kwa sauti ya heshima nyimbo zako huwa zinakujia wakati gani. Ukamwambia, "Saa za kazi." Akangoja uendelee. Hukuendelea.

Mdogo wako, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo na mashabiki wanamwita Chiriku, hakukubaliana nawe hata siku moja. Alijaliwa sauti ambayo hata wewe uliionea wivu, na hukuficha. Kwake yeye wimbo ni mgeni, hauvutwi shati. Na alipojiwa, alijiwa kweli, watu wakaacha sahani zao wakasimama. Tatizo ni kwamba kati ya wimbo wake mmoja na mwingine watoto walizaliwa wakaanza shule. Mlibishana mezani mpaka chai ikapoa.

"Kaka, wimbo haulazimishwi."

"Nani kaulazimisha? Mimi naufungulia mlango tu."

"Basi mimi sijajiwa."

"Na huo wimbo ukija utakukuta wapi? Umelala. Utagonga, utachoka, utakwenda zake kwa jirani."

Ulipoondoka, bendi yenu ilibaki mikononi mwake. Siku ya maziko aliahidi mbele ya watu kwamba mwaka ukitimia bendi itapiga wimbo mpya, wimbo wako, unaokustahili. Kisha, kwa kukuheshimu, akasema saluni ifungwe na gitaa lisiguswe mpaka wimbo huo uje wenyewe. Sote tuliona amesema vyema. Tukashusha mlango hadi chini, tukatia kufuli.

Wimbo haukuja, Baba. Miezi ilipita. Chiriku alikonda. Alishinda kaburini kwako, alitembea peke yake, alijifungia chumbani, akatoka mikono mitupu. Nyuzi za gitaa zikaota kutu. Mpiga ngoma akaanza kupigia bendi nyingine, nasi hatukumlaumu, kwa sababu bendi isiyo na wimbo mpya ni picha tu ya ukutani. Tulikuwa tunapoteza yote uliyoyajenga, na tulikuwa tunayapoteza kwa adabu kabisa.

Aliyekasirika ni Mama. Yeye, ambaye maisha yake yote amepiga pasi nguo za watu na hajawahi kushika chombo cha muziki, asubuhi moja aliacha shati la mteja mezani, akachukua ufunguo, akapandisha mlango hadi usawa wa kiuno. Akatuma Chiriku aitwe. Alipofika akamwonyesha kiti.

"Kaa."

"Shemeji, bado sijajiwa."

"Sijakuuliza kama umejiwa. Nimekwambia kaa."

"Sasa nitapiga nini?"

"Piga vibaya. Mume wangu amepiga vibaya humu ndani miaka yote, na watu wakacheza."

Akakaa, akapiga vibaya. Nyuzi zilikwaruza, sauti ikaenda kombo. Alipomaliza, Mwashi akasema kutoka benchini, "Huu umezidi hata zile mbaya za marehemu." Mama akaangua kicheko, cha kwanza tangu tukuzike, akaegemea ukuta. Chiriku naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuishia kwenye kicheko.

Kesho yake alirudi bila kuitwa. Mwanao wa kwanza alizitia mafuta mashine zako, na sasa yeye ndiye kinyozi. Binti yako akaenda kusimamia maneno, maana ndiye aliyesomea lugha katika nyumba hii na hana subira na mstari mlegevu.

"Baba Mdogo, hilo neno limechoka."

"Limechoka vipi, na nimelitumia leo tu?"

"Wenzako wamelitumia tangu hujazaliwa. Lipumzishe."

Kuna asubuhi walizotoka na mstari mmoja. Kuna walizotoka na ugomvi tu. Bati lilipogongwa, waliacha walipofika, na siku iliyofuata wakaanzia hapo. Mpiga ngoma alisikia habari, akaja kuchungulia chini ya mlango, akaingia kwa magoti, hajatoka tena.

Siku moja Chiriku aliweka gitaa mapajani akasema neno ambalo tungependa ulisikie. "Mimi nilidhani Kaka anakaa hapa kwa sababu nyimbo zinamjia. Kumbe alikuwa anakaa hapa hata zikiwa haziji." Alisafisha koo, akarudia ubeti.

Wimbo wako umekwisha, Baba. Haukuja; tumeufanya. Ubeti wa pili unachechemea kidogo na Chiriku bado anaununia. Wiki iliyopita aliomba tuahirishe, labda utanyooka wenyewe. Mama akamtazama tu, akarudi kwenye pasi yake, na shauri likaishia hapo. Jumamosi hii tutaupiga uani kwetu, mbele ya ndugu, majirani na kila uliyewahi kumshikia kichwa, hivyo hivyo ulivyo. Jumatatu tunaanza mwingine.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakupigia pasi lile shati la jukwaani, mdogo wako Chiriku na familia yake, mwanao kinyozi, binti yako, wakwe zako, wajukuu zako, wanaogombania zamu ya kugonga bati, wanabendi wote, na Mwashi pamoja na watu wa benchi, ambao wamesisitiza waandikwe kama ndugu, na ni ndugu.

Hatukungoja siku hii ifike ndipo tukukumbuke, Baba, wala hatutaanza kungoja sasa. Tutakukumbuka kila asubuhi, tukiwa na moyo wa kazi au bila huo moyo.