Kwa Tata Edouard Kabemba, Mwenye Alama za Buluu

Mwaka umetimia, Tata Edouard, tangu tulipokulaza udongoni tukarudi nyumbani bila wewe. Watoto walitaka tangazo lenye maua pembeni, kama la watu wote. Nimewaambia waniachie mimi, Ndaya, mke wako. Maneno mazuri ulikuwa nayo wewe. Mimi nina haya tu.

Ulizaliwa Kisenge, na Kisenge haikukutoka moyoni. Ulikuwa ukitusimulia jinsi mgodi wa manganizi ulivyosimama, watu wakaanza kung'oa mabati, kisha milango, kisha matofali, mpaka nyumba ulimozaliwa ikabaki sakafu yenye majani. "Batoto banauliza mulikaa wapi, na mi sina fasi ya kubaonyesha," ulisema. Ndiyo maana ulisomea kazi ya kupanga miji, na ndiyo maana ulikuja kuifanya hapa Kolwezi, ambako shimo la mgodi linausogelea mji kila mwaka.

Kazi yako wengi hawakuielewa. Walifikiri mpangaji wa mji ni mtu wa kugawa viwanja, na wakija nyumbani na kuku mkononi uliwarudisha na kuku wao. Ulipima barabara, ulipigania mifereji, uligombana na kila aliyetaka kujenga juu ya bomba la maji. Lakini moyo wako ulikuwa kwa nyumba za zamani: zile za matofali mekundu mtaani kwetu, zahanati yenye baraza ndefu ambako Blandine na Sadrack walizaliwa, na ukumbi tuliochezea rumba siku ya ndoa yetu. Mtu akikuambia hayo ni mambo ya mkoloni, ulikasirika. Ulisema mzungu alichora tu, babu zetu ndio waliochoma tofali na kulibeba, kwa hiyo nyumba ni zetu.

Hukuweza kupita ukuta bila kuugonga kwa kidole, kama daktari anayegonga kifua. Misa ngapi tumechelewa kwa sababu ya kuta! Nilikuwa nikikukemea njiani, na wewe unaitika "ndiyo mama, ndiyo mama" huku umesimama mbele ya dirisha la mtu. Mezani ulikuwa mpole. Tukila bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa la Nzilo, kichwa cha samaki ulimwachia mjukuu wetu Joyeuse, ukijifanya hukipendi. Ulikipenda sana, mimi nilijua.

Kisha ikaja ile rangi. Baada ya safari zote zile za Lubumbashi, kupiga magoti ofisi hadi ofisi, ulipata ruhusa ya kuzihifadhi nyumba zetu. Ulinunua kopo la rangi ya buluu, ukapaka duara dogo kando ya mlango wa kila nyumba isiyopaswa kuvunjwa. Ulirudi na vidole vya buluu, unacheka peke yako, nikakuambia utanichafulia meza. Furaha ile sikuiona tena kwako.

Nani angefikiri? Hapa kwetu wanaopita wakiweka rangi ni watu wa kupima ardhi, wanaotafuta kobalti. Wakiacha alama, wachimbaji wanafuata nyuma yao. Na wachimbaji wetu ni vijana waliotoka kila pembe ya Kongo, hawakukujua wewe wala nyumba zako. Waliona mtu wa ofisi anapaka nyumba hii, anairuka ile. Wakakata shauri kwamba chini ya zenye alama kuna mali. Wenye nyumba wengine waliwafungulia milango wenyewe, wakachimba ndani ya chumba, kitanda kimesogezwa ukutani na pazia limeshushwa.

Zahanati ndiyo iliyoanguka kwanza. Usiku huo hukula. Kisha ikaanguka nyumba ya jirani yetu Mama Tshibola, na mwanawe Gradi, baba wa watoto wawili, alikuwa chini yake. Mama Tshibola aliingia uani, katika lupango letu, kabla hata ya kumzika. Hakupiga kelele. Alisimama mbele yako na kitenge chake chenye udongo.

"Tata Kabemba, weye njo ulituonyesha," alisema. "Mutoto yangu alisema, kama mutu wa Leta, wa serikali, anaweka alama, ni kusema iko kitu chini. Uniambie sasa. Kulikuwa nini?"

"Mama," ulimjibu, "kulikuwa nyumba."

Naye akaondoka. Tangu siku ile hukugonga ukuta wa mtu tena.

Ulichukua ndoo ya chokaa ukaenda kuzifuta alama zako, mlango kwa mlango, mchana kweupe. Nilikufuata barabarani nikikuvuta shati. "Edouard, acha. Banakuangalia." Hukunisikia. Na kweli walikuangalia, wakasema anafuta kwa sababu anaficha, anataka kuwauzia matajiri. Wakachimba kuliko mwanzo. Ukumbi wetu uliondoka wakati ule. Ulikuwa unakaa barazani unautazama ukuta mmoja uliobaki, na chai yako inapoa. Daktari aliandika kwamba ni presha. Aandike anavyotaka, mimi najua ni ile rangi iliyokuua, na nyumba hazikupona hata moja. Ile yetu nayo ina ufa kutoka mlangoni hadi darini. Tunalala humo kwa sababu hatuna pengine.

Sasa kilio kinamalizika, na ni desturi kumjengea mtu kaburi lake. Sadrack alinunua saruji na vigae vyeupe. Mdogo wako Henri alichongesha jina lako kwenye jiwe. Lakini mwezi uliopita nilikwenda peke yangu kung'oa majani, nikakuta shimo jipya miguuni pako. Koleo lilikuwa limelala pale, na mchimbaji mmoja amekaa kando anakula mkate. Alinisalimu kwa heshima.

"Mama, banasema tata wa alama za buluu njo analala hapa," aliniambia. "Yee alijua fasi yote. Mutu kama ule hawezi kulala fasi ya bure."

Jina kwenye msalaba wa mbao lilikuwa limeliwa na mvua. Nilimwambia siyo wewe. Nilimwambia hapa amelala mwalimu wa Dilolo, mtu maskini, hakujua kitu. Nikasimama mpaka akachukua koleo lake akaenda. Nililifukia shimo kwa mikono, nikaung'oa msalaba wako nikaurudisha nyumbani ndani ya kitenge. Uko nyuma ya kabati.

Sadrack alilia. "Mama, tata anakuwa kama mutu asiyekuwa na batoto?" Nilimwambia ndiyo, mwanangu, awe hivyo. Vigae tumempa jirani kwa jiko lake. Jiwe lenye jina Henri amelilaza kifudifudi uani, tunaoshea nguo juu yake. Hakuna saruji, hakuna ua, hakuna chokaa. Nimeacha majani yaote, na naona uchungu kuyaona yanavyoota vizuri. Wewe uliyetaka kila kitu cha zamani kiwekewe alama, tunakulinda kwa kukuficha.

Misa yako itasomwa Jumamosi asubuhi, na watu wote wanakaribishwa. Baada ya misa kila mtu arudi kwake. Hatutakwenda makaburini, na hapa hatutaji ni makaburi yapi. Ninyi mliotusindikiza siku ya mazishi, tunawaomba kwa machozi, msimwonyeshe mtu.

Wanaokukumbuka ni mimi Ndaya, mke wako. Watoto wako Blandine na Sadrack. Mdogo wako Henri. Dada yako Godelieve aliyebaki Kisenge. Na Joyeuse, ambaye siku hizi kichwa cha samaki anakirudisha sahanini.

Ulipolala tunapajua sisi tuliokuzika tu, Tata, na tukiisha sisi hakuna atakayepajua. Mpaka siku hiyo hatutakusahau.