Vidonge Visivyotaka Kufa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba na kwamba hapo Kivinje mmeamka salama nyote. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imefungiwa. Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu Baba Mdogo amesema shehe anataka maandishi yangu na mashahidi wawili. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Najua unavyosema barazani: "Mwanangu yuko Uturuki anachezea vidonge, dada yake anazeekea ndani." Aka, Mama! Ni kweli, na imeniuma.

Ngoja nikueleze vidonge hivyo, maana huwa unakata simu nikianza. Si vya kumeza. Ni vya udongo mweupe, vina vitundu ambavyo jicho halioni, na humo tunatia madini ya kubadilisha gesi hapa kiwandani, ipatikane mbolea. Tabu ni kwamba madini hayakai sawasawa. Unajua kaimati ukizipitisha harakaharaka kwenye shira: utamu wote juu, ndani unga mtupu. Vidonge vyangu vya kwanza vilikuwa hivyo. Na gesi yetu ina salfa, hiyohiyo mnayopulizia mikorosho kule Kitomanga. Kwa mkorosho ni dawa, kwa kidonge ni sumu, nayo huanzia juu. Ganda likafa, ndani hakuna cha kusaidia. Meneja akafuta likizo yangu, na ndiyo harusi ya huyo dada yangu Somoe ikaahirishwa mara ya kwanza.

Nikahangaika. Mwisho nikajaribu kuvitia kwanza asidi ya ndimu. Ikashika nafasi za juu, madini yakalazimika kupenya chini ya ganda. Nilipokata kimoja kwa wembe nikaona duara jeusi limejificha ndani, pembeni peupe. Nilipiga kelele, wallahi! Salfa inanaswa juu, madini yanaendelea na kazi chini. Ndiyo siku ile niliyokupigia, "Mama, pika, nakuja!" Ukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kesho yake meneja akanishika bega. "Hongera. Sasa tunaviacha vifanye kazi mpaka vife, tujue maisha yake. Wewe ndiye unayevijua, hutoki."

"Na vikikawia kufa?"

"Si ndiyo tunachotaka?"

Ndiyo harusi ikaahirishwa mara ya pili. Nikiondoka kabla havijafa, nafasi anapewa mwingine na kibali changu cha kuishi kinakwisha papo hapo. Basi kila asubuhi naingia kuvitazama, na kila asubuhi vizima. Wenzangu wananipongeza, mimi nataka kulia. Siku nyingine nawaza kufungulia salfa nyingi vife vyote, nije zangu nyumbani. Mkono unakataa. Nusu ya kufuli hili ni mimi mwenyewe, Mama, nataka kuona vitafika wapi.

Somoe alinipigia, hakulia hata kidogo. "Kaka, mchumba wangu kasubiri mara mbili. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Vidonge vyako visipokufa mwaka mzima, na mimi nikae?"

Najua hutaki aozeshwe na mwingine ilhali kaka yake yu hai. Baba hayupo, walii ni mimi. Lakini uhai wangu wa huku haumsaidii kitu. Kwa hiyo, mwambie shehe asome hapa:

Mimi Hamisi, mwana wa marehemu Bakari, kwa akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, namfanya Baba Mdogo Seifu wakili wangu amuozeshe dada yangu Somoe kwa mchumba aliyemridhia. Wameshuhudia imamu wa msikiti wa mtaani kwetu na muuza mikate jirani yangu. Sahihi zao ziko nyuma ya karatasi.

Hapo pa "bila kushurutishwa" kalamu ilisita. Nikaandika hivyohivyo.

Nisalimie Baba Mdogo, asiharakishe maneno siku hiyo. Nisalimie Shangazi wa Tingi aliyeahidi kumsinga bibi harusi kwa manukato, na Bibi mzaa baba, mwambie namwombea macho yake. Msinipigie katikati ya ndoa ili nisikilize. Nitakuwa kiwandani mbele ya mtungi vinamofanyia kazi vidonge, na humo kiwandani simu haziingii. Somoe akisikia sauti ya Baba Mdogo mahali pa yangu, mshike mkono.

Ozesheni, Mama. Msinisubiri tena.

Mwanao,
Hamisi