Nilisema nyuma ya mstari

Jumatatu. Mvua imeanza alfajiri na bado inapiga mabati. Hakuna aliyekuja kucheza, na ni afadhali, kwa kuwa leo sitaki kuonana na mtu.

Jana nilidanganya.

Meza yangu ya biyari iko karibu na soko, hapa Kasongo. Tangu siku ilipofika nilitangaza sheria moja: mpira mweupe ukiingia shimoni, au ukigusa kwanza mpira usio wako, mpinzani wako anauchukua mkononi na kuuweka popote anapotaka. Popote. Kwenye meza nyingine za mji huu unawekwa nyuma ya mstari wa kuanzia tu. Kwangu hapana. Aliyekosa aumie kabisa.

Sheria hiyo nilimfundisha Dezire mwenyewe. Ni mkulima wa Wamaza, anakuja na pikipiki kila akileta mchele sokoni. Tangu siku ile ananiita mwalimu.

Jana alicheza na Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa. Mshindi angekwenda Salamabila Jumapili ijayo kucheza kwa jina la meza yetu. Dezire alikuwa amebakiza mpira mweusi peke yake, Yaya miwili na mweusi. Yaya akapiga kwa hasira. Mweupe ukazunguka, ukaingia shimoni.

Dezire akauokota. Akauweka taratibu karibu na mweusi, uliokuwa mdomoni mwa shimo. Hata mtoto angeuingiza.

"Hapana! Nyuma ya mustari!" Yaya akasema. Kisha akanigeukia. "Mwenye meza yuko hapa. Tumuulize. Sheria iko namna gani?"

Watu wote wakanikazia macho.

Yaya ndiye aliyenilea baba alipofariki. Mpaka leo tunakula sahani moja. Nikaitazama ile sahani kichwani mwangu, nikasema:

"Nyuma ya mstari."

Dezire alinitazama. "Mwalimu, si wewe ulinifundisha?"

Nikajifanya natafuta chaki.

Akaurudisha mweupe nyuma ya mstari. Kutoka kule mipira miwili ya Yaya ilikuwa imeufunika mweusi. Alijaribu kupitisha pembeni, akagusa mpira wa Yaya. Kosa. Yaya akachukua mweupe, akauweka nyuma ya mstari kwa adabu kubwa, akamaliza mipira yake yote mitatu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Dezire aliegemeza fimbo ukutani, akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi hii nimempigia simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, ila hakunipa nafasi.

"Hakuna shida, papa," alisema. "Ni mchezo tu, papa."

Papa! Si mwalimu tena; papa, yaani baba, kama mtu anayemjibu afisa barabarani. Bora angenitukana.

Nikaenda kwa Yaya. Nilimkuta anakunywa chai, amefurahi. Nikamwambia: Yaya, jana sikusema kweli, sheria ni popote.

"Nilijua," akasema, bila kuinua macho. "Ndiyo maana niliuliza wewe, sikuuliza watu."

Akanisogezea kikombe. Sikukigusa. Nimerudi na mvua mwilini, na tangu hapo nimekaa hapa. Nilidhani uongo wangu ni heshima kwa kaka. Kumbe alinipima, akajua bei yangu ni ndogo kiasi gani.

Basi naandika, na nitabandika hapa mtandaoni kabla woga haujarudi: mchezo wa jana ni wa Dezire. Anayestahili kwenda Salamabila ni yeye. Yaya akitaka kwenda, aende, lakini si kwa jina la meza yangu.

Dezire hatayasoma haya. Kule Wamaza mtandao unashika kwa bahati. Watakaosoma ni ninyi mliokuwa mmeizunguka meza jana. Mmecheza kwangu miaka yote, sheria mnaijua kama mimi.

Mbona hata mmoja hakufungua mdomo?