Uwanja Kati ya Nyumba Zetu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mandewa hatujambo, na mama yako ameshavuna alizeti. Umeuliza, katika mtaa mpya mnaouchora huko kazini, ni nini kisikosekane.

Nilipokuwa msichana, nyumba zetu zilitazamana na katikati palikuwa na uwanja. Mji ulipokua, uwanja ule ukapimwa viwanja, zikajengwa nyumba na kuta. Rafiki yangu Salome alitazama msingi ukichimbwa, akaniuliza, "Sasa tutaonana wapi?"

Nikacheka. "Si bado tu majirani?"

Mwaka huu aliugua, na aliyeniambia ni mwanawe, kwa simu kutoka Manyoni. Nilipozizunguka kuta hadi kwake, walikuwa wanapanga maziko.

Waachieni watu uwanja, mama, na milango itazamane. Nilikuwa bado na mengi ya kuongea na Salome.

Bibi yako